Sinia la Mchele kwa Mwanafunzi wa Kwanza

Shule yetu ilikuwa na mwanafunzi mmoja mtiifu kupita wote. Hakuchelewa, hakupiga kelele, hakuomba ruhusa ya kwenda chooni. Kasoro yake ilikuwa moja tu: alikuwa amekufa tangu zama za Waingereza hapa India.

Alikaa chumba cha kwanza, dawati la mbele, chini ya dirisha linaloangalia mto Krishna. Adhuhuri, watoto wakiinamia vibao vyao vya kuandikia, tulimsikia. Kalamu ya jiwe ilikwaruza, kwi, kwi, kisha ikasimama, kama mtu aliyeitwa katikati ya kazi. Dawati lilikuwa tupu. Hata kibao hakikuwapo.

Habari zake zinajulikana mji mzima. Bibi mwanzilishi alipofungua shule katika nyumba aliyoachiwa na marehemu mumewe, majirani walimzuia kuteka maji kisimani. Walisema msichana akishika kalamu, mume wake hatadumu. Bibi alikaa na madawati yake matupu hadi mtengeneza bangili mmoja alipomleta bintiye. Mtoto akajifunza herufi kwa pupa. Kabla mwaka haujaisha, wakwe walikuja kumchukua wakati wa somo, kalamu ingali mkononi. Akaolewa, akafa akijifungua, naye mwenyewe bado mtoto. Bibi akaagiza dawati lake lisikaliwe na mtu, na mlangoni akachongesha jiwe: Rukmini, Mwanafunzi wa Kwanza.

Basi kila sikukuu ya Dasara, siku tunayovipamba vibao na vitabu kwa maua ya njano, mwalimu mkuu alikuwa akimwaga mchele kwenye sinia la shaba, akiandika kwa kidole jina la Rukmini na kuliweka juu ya dawati lile. Tukirudi kutoka kula, mchele tuliukuta umelala bapa, jina limefutika. Tulisema ni upepo. Dirisha lilikuwa limefungwa kwa komeo, lakini tulisema ni upepo. Sisi walimu ni wasomi, hatukosi sababu.

Mimi nilisoma hapo hapo, nikaolewa, nikarudi. Mume wangu alinifundisha mengi, hasa kukwepa sahani. Siku niliyochoka kukwepa nilibeba mfuko mmoja nikaja kugonga lango la shule, nikapewa darasa la wadogo na kachumba nyuma ya jiko. Sina kwingine. Mwalimu Pratibha, ndivyo wanavyoniita.

Mwaka mmoja yule wa dawati la mbele alizidi. Kalamu ilikwaruza asubuhi, ikakwaruza wakati wa sala. Mtoto mmoja alilia kwamba mkono wa baridi umeshika wake na kuusukuma, kama anayetaka kuazima kalamu. Wazazi wakaanza kuwahamisha mabinti. Ndipo akaja Bwana Nimbalkar, mwenyekiti wa bodi, na mwavuli wake ambao hatujawahi kuuona umefunguliwa.

"Nawapa hadi Dasara," alimwambia mwalimu mkuu, dada Kusum. "Chumba hicho kikiendelea kutisha watoto, tunafunga. Wasichana wataenda shule ya wavulana ng'ambo ya mto. Jengo lina mnunuzi."

"Na sisi walimu, bwana?"

"Nyie ni watu wazima."

Alipoondoka nikasema, "Umesikia, dada? Mimi nirudi kwa yule bwana wa sahani."

"Pratibha, acha mzaha. Nimeita mganga."

"Yule aliyemtoa shetani kwa mke wa mwokaji, mke akatoroka na mganga?"

"Huyo huyo," alisema dada Kusum, akajizuia kucheka, akashindwa. Kisha akafuta machozi, nami sikujua kama ni ya kicheko.

Mganga alichoma ubani, akadai nazi, akala nazi. Kalamu ilikwaruza akiwa bado anatafuna. Hakuaga.

Siku ya Dasara tuliwapanga wasichana waliobaki, nao walijaa nusu chumba. Bwana Nimbalkar alisimama mlangoni, mwavuli kwapani. Dada Kusum akamwaga mchele, akausawazisha, akanyoosha kidole. Kidole chenyewe kina pete ya dhahabu.

Pete ile juu ya mchele.

Kwetu, siku ya ndoa, bwana harusi huletewa sinia la mchele. Huandika humo, kwa pete, jina analotaka kumwita mkewe, na tangu hapo jina la kwao limekwisha. Mimi niliketi mbele ya sinia kama lile nikiwa Shevanti. Yule bwana akachora, wakwe wakapiga makofi, nikainuka nikiwa Pratibha. Hakuna aliyeniuliza.

Nikaushika mkono wa dada Kusum.

"Unafanya nini wewe? Watu wanatazama!"

"Dada, Rukmini ni jina la nani?"

"Umelewa? La mwanafunzi wa kwanza."

"Alipoingia mlango huu na kibao chake, alikuwa ameolewa?"

Kidole chake kikasimama hewani. Akalitazama jiwe la mlangoni, akaitazama pete.

"Ee Mungu wangu," alisema polepole. "Kila Dasara tunamwoza upya."

"Na kila Dasara anafuta."

"La kwao ni lipi basi?"

"Nani anajua? Hata Bibi alichonga lile alilopewa na mume."

Bwana Nimbalkar akakohoa. "Akina mama, tunasherehekea au tunapiga soga?"

"Subiri kidogo, bwana," nikasema. "Leo hatumwandikii mtu."

Nikalichukua sinia, nikausawazisha mchele kwa kiganja, nikaliweka bila jina kwenye dawati la mbele. Nimezoea kutania walio hai, maana hao najua watanijibu nini.

"Mwanangu," nikasema, "tumekukosea adabu. Andika mwenyewe. Leo hakuna atakayekuita kabla hujamaliza."

Kisha tukasikia, si kalamu safari hii, bali mchele: sss, sss, kama unga unaochekechwa chumba cha pili. Mfereji mwembamba ukafunguka katikati ya sinia, ukapinda, ukarudi. Herufi mbili tu, maana katika maandishi yetu herufi moja ni silabi nzima, ya pili imeegemea ubavu kama mlevi ukutani. Hapakuwa na kidole.

"Thaku," dada Kusum akasoma.

Alilisoma kama anavyoita majina asubuhi, na kwa mazoea kisichana kimoja cha nyuma kikaitika, "Yupo!"

Hatukupata nafasi ya kupumua. Chini ya jina lile mchele ukafunguka tena, kwa mwandiko mwingine, wa haraka haraka: Manu. Halafu mwandiko wa tatu, herufi kubwa zilizobanana: Chimi.

"Hawa ni akina nani tena?" mtoto mmoja akanong'ona.

"Waliochukuliwa kabla hawajamaliza," nikasema. "Mlidhani alikuwa peke yake?"

Nyuma yetu mwavuli ulianguka. Bwana Nimbalkar alikuwa ameketi kwenye kiti cha watoto, magoti yamemfika kidevuni.

"Mama yangu," alisema. "Nyumbani kwetu aliitwa Padmavati. Ila kaka zake wakija kumwamkia, walimwita Chimi. Alikuwa akishika gazeti langu, anapitisha kidole chini ya mistari. Nilikuwa namcheka. Hakuniambia alisoma hapa."



Aliinuka, akasogea hadi dawati la mbele, akainama kama mtu anayegusa miguu ya mzazi kwa heshima. Akiwa mlangoni akamwambia dada Kusum, bila kugeuka, "Huyo mnunuzi nitamwambia jengo lina watu."

Walipotawanyika nilibaki na sinia. Pembeni kulikuwa na nafasi. Nikaandika Shevanti, taratibu, maana kidole kilikuwa kimesahau njia. Nikaenda kula. Niliporudi, mchele ulikuwa kama nilivyouacha. Hakuna kilichofutwa.

Wasichana wamerudi, si wote. Kalamu hazijakoma, adhuhuri sasa zinakwaruza nyingi kwa pamoja, nami natoa somo taratibu, narudia sentensi kwa ajili ya wale wasioonekana. Wadogo wamezoea. Wakinisikia nakaripia dawati tupu wanacheka. Kila Dasara naliweka sinia bila jina, na kila Dasara nakuta mwandiko ambao sijauona. Mwaka jana majina yalifika ukingoni, la mwisho likakatika kwa kukosa mchele. Nimemwomba dada Kusum atafute sinia kubwa zaidi.