Nafsi ya Kwanza, Umoja

Usiku wa kuamkia leo niliota nimepata uhamisho wa kwenda Ulaya, na waliokuja kunihamisha walikuwa magodoro mawili, moja la inchi nne na jingine la inchi nane.

Yalibisha hodi kwa adabu. La inchi nane ndilo lililoshika karatasi mkononi. Mkono liliutoa wapi, sikuuliza.

"Wewe ndiye Erasto Mbilinyi, naibu msimamizi wa ubora?"

"Ndiye mimi."

"Uhamisho wa ndani?"

"Ndiyo, wa ndani. Tawi la Gdansk."

"Basi ingia ndani," likasema, likajifungua zipu kuanzia kichwani hadi miguuni.

Nikaeleza kwamba pengine hapa kuna kutoelewana. Uhamisho wa ndani maana yake mfanyakazi anatoka tawi moja la kampuni kwenda tawi jingine la kampuni hiyohiyo, badala ya kuacha kazi na kwenda kuanza moja kwa watu asiowajua. Kuna viza, kuna posho, kuna ndege. La inchi nne likacheka, la inchi nane likalikanya.

"Ndugu, tangazo limesema ndani," likaniambia. "Wanaopanda ndege ni wa nje."

Nikavua viatu, nikaingia.

Hapa inabidi niseme jambo la kweli, la mchana, ili aibu iliyofuata ieleweke. Nafanya kazi katika kiwanda cha magodoro, mwaka wa tisa sasa. Wiki mbili zilizopita lilibandikwa tangazo kwenye mlango wa kantini: tawi la Gdansk linahitaji msimamizi wa ubora kwa miaka mitatu, na anaweza kuomba mfanyakazi yeyote aliyebuni jambo likakifaa kiwanda. Yeyote. Neno hilo nililisoma vizuri sana. Da Siku, yaani Bi. Sikudhani wa chumba cha ushonaji, hakulisoma kwa sababu miwani alikuwa ameiacha kwenye cherehani. Akaniuliza, "Mbilinyi mdogo wangu, na sie washonaji tumo?"

Nikamjibu, "Hapana, Da Siku. Hiyo ni ya watu wa ofisini."

Akasema haya, akaninunulia chai. Nikainywa yote.

Kisha nikaenda kujaza fomu kwenye kompyuta. Penye "Eleza ulichobuni" niliandika kwanza "tulibuni njia ya kuzuia godoro lisibonyee katikati." Nikaitazama sentensi ile. Nikafuta "tu", nikaweka "ni". Nilifanya hivyo mara saba, kwenye tulipima, tulikata, tulijaribu na nyinginezo, halafu nikaituma. Dirisha la maombi linafungwa leo saa sita mchana.

Sasa nirudi ndotoni.

Ndani ya godoro kuna korido ya Rasilimali Watu. Sakafu ni sponji. Kila ninapokanyaga nazama hadi magotini, na shimo linachukua muda kujaa, kwa hiyo yeyote anayetaka anaona nilikotokea. Magodoro yamenifunga nailoni mwili mzima. Nayaambia nashindwa kupumua.

"Nailoni ya kitu kipya haitolewi," linasema la inchi nne. "Kwenu mliitoa lini?"

Nakumbuka mama yangu alikaa na nailoni ya godoro la wageni miaka sita, na mgeni akijigeuza nyumba nzima inajua. Naendelea kutembea na nailoni yangu.

Mwisho wa korido kuna kaunta, na nyuma ya kaunta ameketi Fomu. Si karani wa fomu, ni Fomu mwenyewe, kurasa nne, amevaa miwani ya kusomea. Namtambua kwa sababu jina langu limeandikwa kwenye paji la uso wake.

"Mizigo?" anauliza.

"Begi moja."

"Begi halinihusu. Safari hii inaruhusu nafsi moja. Nafsi ya kwanza, umoja. Nafsi ya kwanza wingi haipiti hapa."

"Ndivyo nilivyojaza," nasema, kwa sauti ya mtu aliyefuata utaratibu.

"Nimeona." Anajifunua ukurasa wa tatu, anajikuna. "Ila hapa pananiwasha. Kuna kitu umefuta."

"Makosa ya uchapaji."

"Mara saba?"

Ananionyesha benchi ya ukutani. Pale wamekaa Tu saba, kimo chao kama kikombe, kila mmoja ni T na U walioshikana mikono, miguu haifiki chini. Wanaponiona wanasimama wote.

"Shikamoo," wanasema.

"Marahaba," naitikia. Nimeitikia marahaba maisha yangu yote ya utu uzima, lakini hii ndiyo ya kwanza ninayoona sistahili.

"Nyie ni nani?" nauliza, ingawa najua.

"Sisi ni Tu."

"Tu gani?"

"Tu, tu," anajibu wa mwisho, na wenzake wanatikisa vichwa kuonyesha kwamba hakuna zaidi ya hapo.

Fomu ananigongea muhuri kwenye nailoni, kifuani. Umeandikwa APITE PEKE YAKE.

Mara niko Gdansk. Ni mji wenye irabu moja, na wenyeji wanaitumia kwa uangalifu. Theluji inaanguka. Naidaka, naipapasa, naona ni makombo ya sponji ya daraja la pili, yale ya kiwandani ambayo hujazwa kwenye mito. Nafurahi kwamba angalau kuna jambo moja ninalolijua.

Wananipeleka chumba cha majaribio. Katikati kuna godoro jeupe, na juu yake linazunguka lile pipa la chuma la kilo mia na arobaini ambalo hupita huku na huku maelfu ya mara kupima kama godoro litabonyea. Pipa ndilo meneja. Linasimama kunisalimu.

"Karibu, Bwana Mimi," linasema kwa Kiswahili safi cha taarifa ya habari. "Fomu yako ina mimi nyingi kuliko zote zilizotufikia. Haya, onyesha ulivyobuni."

Napewa kisu na bonge la sponji. Najua kuna ukanda wa upana wa shubiri unaokatwa, ukageuzwa na kusimamishwa wima pale nyonga inapolala. Ndivyo nilivyoandika. Lakini unaanza kukata upande gani? Matundu ya sponji yanatazama wapi? Nageuza bonge. Nageuza tena. Kisu kinapiga miayo.

"Naomba nikumbuke kidogo," nasema.

"Kumbuka. Ulibuni ukiwa wapi?"

Papo hapo chumba kinakuwa chumba cha ushonaji, mchana wa Ramadhani mwaka juzi, birika limefunikwa kitambaa. Da Siku amepiga magoti sakafuni na kisu. Anazungumza bila kunitazama, maana macho yake yako kazini. Anasema mama yake alilala miaka mitatu bila kuinuka. Kila baada ya saa tatu alikuwa akimgeuza, na bado godoro lilibonyea nyongani mpaka mama akatoka vidonda. Siku moja akalipasua lile godoro kwa kisu cha jikoni, akakata ukanda, akausimamisha wima, akalishona tena kwa mkono. Vidonda vikaanza kufunga.

"Mama katangulia, lakini nikasema hii kiwandani itafaa," anasema. "Shika hapo, mdogo wangu."

Nashika. Ni futi yake ya kupimia.

Pipa limesimama mlangoni, linatazama. "Na wewe unafanya nini hapo?"

"Nashika futi."

"Ncha ipi?"

"Ya sifuri."

Pipa linaandika.

Hapo aibu ikanipata sawasawa. Nilishaona aibu ndogo ndogo maishani, za kusahau jina la mtu au kuchanika suruali, na huwa zinakwisha ukicheka kidogo. Hii haikuwa ya kucheka. Nikatamani ardhi ipasuke inimeze, na kwa kuwa ardhi ilikuwa sponji, ikapasuka. Ikanimeza hadi kifuani. Halafu ikanirudisha juu taratibu, nikasimama palepale nilipokuwa.

"Samahani sana," ikasema sponji. "Mimi ni toleo lenye ukanda wa Da Siku. Sibonyei."

Nikaona nitafute njia ya katikati. Nikaliambia pipa, "Basi naomba nirudishiwe Tu zangu saba. Nitaandika tulibuni, kila mtu apate heshima yake, mambo yaishe."

Tu wakaitwa. Wakaja kwa mstari, wakitembea juu ya sponji bila kuacha alama.

"Shikamoo tena," wakasema.

"Marahaba. Haya, twendeni kwenye fomu."

"Haturudi," akasema aliyetangulia. Hakusema kwa hasira, alisema kama mtu anayekueleza kwamba ofisi imefungwa.

"Kwa nini?"

"Hata sisi ulituandika kwa kujipendelea. Siku ile hatukuwepo. Aliyekuwepo ni A."

Akaonyesha kwenye kiti cha Da Siku. Pale alikuwa amekaa A mmoja, mrefu, mtulivu, futi imening'inia shingoni kama wanavyovaa mafundi. Nafsi ya tatu, umoja. Alibuni. Alipima. Alikata. Alijaribu. A aligeuka. Aliangalia mikono yangu, nami nikaificha nyuma.

"Na kwa kuwa hukututaka ulipokuwa nasi," akamalizia yule Tu, "hutakuwa nasi kwa muda."

Wakatoka wote saba, wakafunga mlango polepole wasimsumbue A. Nikabaki na nafsi moja, ile niliyoruhusiwa kusafiri nayo. Ikakunja mikono, ikaanza kunisuta kwa sauti, kwa jina la ukoo, wafanyakazi wote wa Gdansk wakisikia. Ilisuta mpaka nikaamka.

Ilikuwa saa moja kasoro asubuhi. Jirani anafagia uwanja. Nikakaa kitandani nikajiambia ndoto ni ndoto, na nikapanga mpango, na mpango wenyewe ulikuwa wa mtu mwoga. Nitampigia Da Siku. Nitamwambia kwa wepesi, kama jambo nililolisikia jana jioni, kwamba washonaji nao wanaruhusiwa, basi tuombe wote wawili. Uongo wangu utabaki ulipo na hakuna atakayeumia.

Nikapiga.

"Shikamoo, Da Siku."

"Marahaba. Mbona mapema hivi, kwema?" Nyuma yake cherehani ilikuwa ikiunguruma, zamu yake huanza saa kumi na mbili.

"Kwema. Ni ile nafasi ya Gdansk. Nilikuwa nasema..."

Sentensi ilikuwa tayari. Ulimi ukagusa meno pale neno linapoanzia, ukarudi bila neno. Nikajaribu tena. Nikanywa maji. Nikajaribu maneno mepesi ya kila siku, yale ya tutaongea na tuonane baadaye. Hayakutoka. Si kwamba yalikwama. Hayakuwemo.

"Mbilinyi? Unakatika katika."

"Omba," nikasema. Lilitoka lenyewe, bila chochote mbele yake.

"Niombe nini?"

"Hiyo kazi. Omba wewe. Inafungwa leo saa sita."

"Mie? Si ulisema ya watu wa ofisini?"

Ningeweza kusema kwamba tangazo limebadilishwa. Sentensi hiyo haina Tu ndani yake, ingetoka bila shida yoyote.

"Nilikudanganya," nikasema. "Na kwenye fomu yangu nimeandika kwamba ule ukanda nilibuni mimi."

Cherehani ikaendelea kidogo, ikafika mwisho wa mshono, ikanyamaza.

"Sema tena," akasema Da Siku. "Mashine ilikuwa inapiga kelele."

Nikasema tena.