Mashine ya Rangi ya Ufizi

Watu wengi waliotafuna kwa kazi ya mikono yake hawakuwahi kumwona. Alikaa chumba cha nyuma cha kliniki ya meno, kwenye meza yenye vumbi jeupe la plasta, akiwatengenezea meno ya bandia kwa kufuata alama za midomo yao tu. Jina la utani, Fundi Meno, lilikuwa limelimeza jina lake halisi. Hata watoto wa kaka yake walimwita shangazi Meno, naye akaitika.

Kaka yake alikuwa mpima ardhi. Kwa miaka ishirini na tano alipanda na kushuka vilima akiwa na vyombo vyake begani, na ukimwuliza njia alikutajia hadi idadi ya madaraja. Kisha figo zake ziligoma. Sasa mara tatu kwa wiki alilazwa kwenye kiti hospitalini, damu yake ikitoka, ikisafishwa na mashine, ikirudi mwilini. Kila mara muda wa saa nne.

"Mdogo wangu," alimwambia siku moja, "nimepima barabara ndefu, lakini sijaona kitu kirefu kama kukaa kwenye kiti kile. Nimevihesabu vigae vya dari mpaka vimeanza kunisalimia."

Aliyemsindikiza ni mkewe. Fundi Meno saa hizo alikuwa kazini, na wodi ile aliijua kwa kusimuliwa tu.

Jumapili moja wifi yake alikuwa akisafisha stoo, akamwita. "Wifi, njoo uone marehemu!"

Ndani ya boksi, ikiwa imeviringishwa kwa taulo kuukuu, ilikuwamo mashine ya gemu waliyochezea utotoni. Plastiki yake ya kijivu ilikuwa imegeuka manjano. Fundi Meno aliitazama kwa jicho la kazi, akasema, "Huyu amevuta sigara miaka thelathini." Kaseti moja ilikuwa bado imeng'ang'ania mdomoni mwake: gemu ya Mwasha Taa, mtu mdogo anayeruka kutoka paa hadi paa, na kila taa anayoigusa inawaka.

Waliiunganisha kwenye televisheni ya sebuleni. Sauti ilitangulia picha, kimuziki chembamba kama cha filimbi ya bati. Fundi Meno alikuwa bado anachezea waya kuitafuta picha aliposikia mluzi kutoka chumbani. Kaka yake, aliyekuwa amelala tangu asubuhi akiutazama ukuta, alikuwa anaupiga muziki uleule, tena mbele kidogo ya mashine, kana kwamba anaionyesha njia.

Wifi yake akaweka ufagio chini. "Mluzi huo," alisema polepole, "sijausikia tangu mwaka jana."

Televisheni haibebwi kwenda wodini, hilo lilieleweka. Lakini Fundi Meno aliondoka na lile boksi kwapani, na njia nzima vidole vyake vilikuwa vinapima, vinakata, vinaunga.

Kesho yake, wakati wa chakula cha mchana, alikwenda kwa mwanamke mmoja fundi simu aliyekodi upenyo mwembamba kati ya maduka mawili. Watu walimwita Waya, kwa wembamba na kwa umeme wa mdomo wake.

"Unataka itembee?" Waya aliuliza, akiigeuza mashine. "Hii, dada, imezaliwa kukaa chini ya televisheni. Ni kama kumwambia bibi yako aruke kamba."

"Bibi yangu aliruka kamba."

Waya alicheka, akasogeza kiti. Ndipo akamfundisha, maneno kumi kwa kila tone la risasi ya kuungia waya aliloyeyusha. Kioo kidogo cha kamera ya gari, kile kinachomwonyesha dereva nyuma akirudi rivasi, kingeweza kupokea picha ya mashine ile bila kubishana. Betri za kompyuta ya mkononi iliyokufa zingetoa umeme. Kile kipande cha zamani cha kupunguza umeme, kilichopata moto kama pasi, kingeng'olewa, kiwekwe kingine cha kisasa, kidogo kama ukucha. Pedi ya kuchezea ingevunjwa, vitufe vyake vipandwe pembeni mwa kioo.

Kazi ya kupunguza ubao wa mashine Fundi Meno aliifanya mwenyewe, kwa kile kisu cha kuzunguka anachokatia meno. Alikata ukingo usio na njia za umeme huku amebana pumzi. Walipoiwasha, kioo kilikuwa cheusi. Siku ya tatu ikatoka sauti bila picha. Siku ya tano ikatoka picha, lakini ilitiririka kwenda juu, mapaa yakifuatana bila mwisho kama mji unaopaa mbinguni, na wale wanawake wawili wakaitazama, wamesahau kwamba ni hitilafu. Kumbe waya mmoja, mwembamba kama unywele, ulikuwa umeachia. Waya wa upenyoni akauunga tena huo wajina wake, na mji ukatulia.

Ikabaki nyumba ya kuvitia vyote hivyo. Siku hiyo Fundi Meno alikwenda kwa kaka yake na bonge la nta iliyolainishwa kwa maji moto.

"Shika kwa mikono miwili. Kaza kama unashika usukani."

"Unanitengenezea meno ya viganja?"

"Kaza, mzee, acha maneno."

Alikaza. Alipoachia, nta ilikuwa imehifadhi mikunjo yote ya viganja vyake na vidole vyake vyote kumi. Fundi Meno akairudisha kazini kama anavyorudisha alama za midomo. Aliichonga, akaizika ndani ya plasta, akaiyeyusha itoke, na katika tundu lililobaki akashindilia ule unga wa meno ya bandia uliolowekwa dawa yake. Rangi aliyokuwa nayo ni moja tu, ya waridi, rangi ya ufizi. Akachemsha.

Daktari wa meno alipita, akafunua sufuria, akasimama kidogo. "Hili taya ni la nani?"

"La mtu mmoja, daktari. Ana mdomo mkubwa."

Ilipong'arishwa ilikuwa kama kitu kilichookotwa ufukweni mwa nchi isiyokuwapo, laini, ya waridi, na kioo chake katikati kama jicho lililofumbwa.

Jumatano wifi yake aliamka na mafua, na mwenye mafua haruhusiwi wodini. Fundi Meno akaomba ruhusa kazini, akamsindikiza kaka yake yeye.

Wodi ilikuwa na viti vinane kando ya madirisha marefu, na mapazia meupe yaliyovuta mwanga yakaulainisha. Mashine zilinguruma taratibu, zote kwa pamoja, mpaka chumba kizima kikawa kama kinapumua. Muuguzi alimlaza kaka yake, akamchoma sindano mbili mkono wa kushoto, akabandika mirija. Damu ikaanza safari.

Fundi Meno akaitoa mashine kwenye kitambaa, akamwekea mapajani. Kaka yake aliitazama sana. Akaipapasa kwa mkono wa kulia, na vidole vikaingia kila kimoja shimoni mwake.

"Ndiyo ile nta," alisema.

"Ndiyo."

"Na huku kwingine?"

Hapo ndipo Fundi Meno alipoutazama ule mkono wa kushoto, ulionyooshwa juu ya mto, umefungwa kwa plasta ya kubandika, sindano mbili ndani yake.

"Huo haujongei?"

"Huo si wangu mpaka saa saba," kaka yake alisema kwa upole.

"Akiujongeza, mashine italia," muuguzi aliongeza akipita, "na mimi nitalia nayo."

Wiki tatu za kazi, na hakuna aliyemwambia, wala yeye hakuuliza. Alihisi uso wake unawaka. Yeye ambaye maisha yake yote alitengeneza vitu kwa ajili ya watu asiowaona, amemtengenezea ndugu yake wa damu vilevile, kama vile naye hamwoni. Akainyoosha mikono aichukue.

"Unakwenda nayo wapi?" kaka yake aliuliza. "Vuta kiti, uje huku. Wewe tembeza, mimi niruke."

Alivuta kiti, akaupitisha mkono wake wa kushoto chini ya mirija, kwa uangalifu, akaushika upande ule mtupu. Vidole vyake viliingia ndani ya alama za vidole vya kaka yake, vikabaki na nafasi, kama mguu wa mtoto ndani ya kiatu cha mkubwa. Akawasha.

Mwanzoni walianguka kila paa. Yeye alitembea mno, kaka aliruka mapema, Mwasha Taa akatumbukia kati ya nyumba na nyumba mpaka wakacheka kwa sauti, na muuguzi akawakazia macho. Kisha, bila kuambiana, pumzi zao zikaenda pamoja. Yeye alianza hatua, na kaka yake alikuwa ameshajua. Taa moja ikawaka, na nyingine, na nyingine. Jua lilihama dirisha moja hadi la pili. Mirija miwili myekundu ilipita juu ya mkono wake, yenye joto, na wakati fulani hakujua tena kipi kinanguruma, wodi au mji ule mdogo.

Saa sita na nusu kioo kikazimika.

"Betri, kaka. Samahani. Nitaongeza nyingine."

Kaka yake alikuwa amefumba macho. "Usisimame," alisema. "Mbele kuna paa la bati, jembamba. Nenda taratibu."

Fundi Meno akabonyeza, taratibu.

"Sasa naruka." Kitufe kikalia tik. "Imewaka?"

Alitazama kioo cheusi. "Imewaka."

"Hii sasa ni barabara ya kilimani. Niliipima mvua ikinyesha, tukalala ndani ya shule. Haikuwa na taa hata moja. Panda."

Wakapanda. Kaka yake alimpitisha njia zote alizowahi kupima, daraja kwa daraja, na kila penye giza waliwasha. Kwenye kiti cha jirani mama mmoja, aliyekuwa kimya tangu asubuhi, alifungua jicho moja.

"Na ile taa ya kona, karibu na kisima, mmeiruka?"

"Tumeiruka," kaka yake alikiri.

"Basi rudini."

Wakarudi.

Fundi Meno alibadilishana zamu na mwenzake ili Jumatano ziwe zake, na juma lililofuata alitia betri nyingine. Sasa mashine ya waridi inaweza kwenda kwa muda wa saa tano bila kuchoka. Lakini kila Jumatano, inapofika saa sita na nusu, kaka yake huizima mwenyewe. Mama wa jirani hujiweka sawa kwenye mto. Muuguzi, akiwa hana kazi ya haraka, huja kuegemea dirisha.

"Leo tunaanzia wapi?" kaka yake huuliza, amefumba macho, na kidole gumba chake kimeshakaa juu ya kitufe.