Usingizi wa Kinanda

Mvua ilikuwa bado upande wa ziwa, na kwenye vilima vya Ilemela mchana ulikuwa umelegea kama mtu aliyeshiba. Kokulinda alikaa mbele ya kinanda chake akitazama namba zikipanda kwenye kioo: asilimia ishirini, ishirini na moja. Kinanda kilikuwa kinagandaganda katikati ya nyimbo za kwaya, ndipo fundi Shimba akampa flashi yenye programu mpya ya ndani.

"Hiyo ndiyo inayokiamsha na kukiambia kuwa ni kinanda," Shimba alimweleza. "Ukikikatia umeme katikati, dada, kitaamka hakijijui. Na midundo yako uinakili kwanza pembeni."

Atanakili baadaye, alisema. Na baadaye ya Kokulinda, jamani, haijawahi kufika. Humo ndani mlikuwa na mdundo mmoja asiotaka kuupoteza kwa lolote: ngoma ya Kihaya aliyoipiga baba yake, mzee Kaijage, kwa vidole vyake kumi, kabla kiharusi hakijauchukua mkono wa kulia.

Namba zilimbembeleza. Aliona kana kwamba kinanda kinaota, kinajisahau polepole na kujifunza upya kuwa nani. Macho yake yakawa mazito, akasinzia.

Radi ikapiga. Mama yake, Josepha, akatoka jikoni mbio, akafanya alivyofundishwa tangu utotoni: akachomoa kila waya ukutani, akafunika kioo cha kujitazamia, akafunika televisheni, na kinanda nacho akakitandikia kitenge.

"Radi haina adabu," alisema, ameridhika kabisa.

Kokulinda alipofunua kitenge na kuona kioo cheusi, alilia palepale bila aibu. Kesho yake Shimba alikifufua kinanda, lakini kiliamka kitupu, kama siku kilipotoka dukani. Kokulinda akaenda kumwambia baba.

"Mdundo wako umefutika, Baba. Nisamehe."

Mzee Kaijage alitazama ziwa dirishani.

"Ule ulikuwa wa mtu mwenye mikono miwili," alisema. "Kilete hapa, mwanangu."

Akapiga kwa mkono wa kushoto peke yake. Mdundo ulichechemea, ukachelewa, ukafika. Kokulinda akaurekodi ulivyo, bila kuunyoosha.

Jumapili waliimba nao. Ubeti wa kwanza uliwapiga chenga. Kufikia wa tatu, kwaya nzima ilijua mahali pa kumsubiri mzee.