Alen Anakwenda Kuunda Risasi

Kiwanda cha risasi kilichokufa zamani kinafufuliwa, nchi iache kuagiza risasi nje kama mitumba. Wanatafuta mafundi wa kuchonga vyuma, na katika vijana wote wa Kwai wakamwita kwenye usaili binamu yangu Alen. Sharti likawa moja: asimwambie mtu mpaka achunguzwe tabia na kupewa barua ya kazi.

Alen akaitunza siri kwa namna yake. Akaanza kuvaa miwani ya jua kwenye ukungu. Ukipishana naye, anasema, "Msiniulize ninakokwenda." Hakuna aliyemuuliza. Tulikuwa tunapakia kabichi.

Jumapili mama yake, mama mdogo Yudith, akasimama kanisani kutoa shukrani. "Mwanangu anakwenda kuunda risasi za serikali. Ni siri, mumwombee." Usharika mzima ukaitika amina.

Nje, kwenye mnada wa mazao ya sadaka, nikamwona mama mmoja mgeni. Jana yake alikuja dukani kwetu kuuliza kama Alen analewa, na kama anajua kunyamaza. Nikamvuta binamu pembeni.

"Yule ndiye anayekuchunguza. Leo kuwa bubu."

"Sefania, wivu utakuua. Endelea kupima mbolea."

"Haya, mheshimiwa."

Mgeni akanunua kuku na mkungu wa ndizi, akamwomba Alen ambebee ndizi mpaka kwenye gari. Nikafuata na kuku wake.

"Shikamoo mama," Alen akasema.

"Marahaba, baba. Nasikia unatuacha. Unakwenda wapi?"

Si aseme tu anakwenda Bungu kumsalimia shangazi. Hata mbuzi angenyamaza. Binamu yangu akaitua ndizi chini apate mikono ya kuelezea. Akataja mashine zilizokwisha kufika, banda zilimofungwa, na lango la nyuma ambalo mlinzi wake husinzia baada ya ugali. Yote aliyaona siku ya usaili. Kisha akachora ramani vumbini kwa ncha ya kiatu.

Mama akaitazama ile ramani, akaifuta kwa kiatu chake.

"Una kumbukumbu nzuri."

"Ndiyo maana wananitaka."

"Uchunguzi wako umekwisha, baba. Rudi kwa mama yako, ukamsaidie shamba."

Akapakia ndizi na kuku wake, akaondoka. Alen akabaki anapunga mkono mpaka gari likapotea kwenye kona.

"Umesikia?" akaniambia. "Umekwisha leo leo. Wenzangu wanasubiri miezi."