Kiuno cha Suruali

Tangu amzike mama yake, fundi cherehani aliamka kachoka na kushona kachoka. Chakula hakikupita kooni, lakini tumbo likazidi kujaa mbele kama kifurushi cha mtu mwingine. Nesi wa kliniki alimweleza kwamba hayo huwapata wanawake wengi wa makamo: huzuni ikikaa sana, mafuta nayo hukaa tumboni, kimoja kikimvuta mwenzake.

"Si ulafi, mama. Ni ugonjwa, na unatibika. Mwambie baba watoto akusindikize."

Akamwambia mumewe, muuza vipuri. Mume alicheka mpaka akashika meza. Kesho yake akalipeleka jambo hilo kibarazani, mbele ya wateja wa mkewe.

"Mpisheni mgonjwa wa huzuni huyo. Ana mimba ya mawazo, na nadhani ni mapacha."

Wateja wakaangua kicheko. Fundi alicheka nao, kisha akakata uzi kwa meno. Moyoni aliapa: huyu lazima aonje.

Sasa, bwana yule hakuvaa mkanda. Suruali zake zote alizishona mkewe, zikamkaa sawasawa, naye alijigamba kwa hilo kila alipopita. Basi kila zilipofuliwa, fundi alifumua mshono wa nyuma, akapunguza kiuno kidogo, kidogo tu, akashona upya na kupiga pasi.

Kifungo kikaanza kugoma.

"Mama watoto, hivi mimi nanenepa?"

"Umri huo, baba. Utafanyaje."

Akaacha chakula cha jioni. Suruali zikabana vilevile. Akaacha kuwatembelea rafiki zake, wasije wakamtania. Jumapili moja fundi alimkuta mchana kweupe amelala, uso ukutani, viatu miguuni. Mgongo ule aliujua. Ulikuwa kama wake.

"Nimechoka, mke wangu," mume akasema bila kugeuka. "Sijui nina nini. Nisindikize kliniki."

Neno moja tu lingemwinua mtu yule kitandani. Lilimfika fundi ulimini, akalimeza, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu kitu kikapita kooni mwake bila shida.

"Njia si unaijua? Mimi nilikwenda peke yangu."

Akamrudishia mlango taratibu, akaenda kuanua suruali ya kijivu ya mumewe. Ilikuwa imeshakauka.