Aliyoyasema Mukhwana

Kamati ya maadili ya utafiti pale Kitale ilinikatalia mara mbili. Nilikasirika mpaka chakula kikanishinda. Mimi ndiye Ivy wa Matisi, na hasira zangu zinajulikana hadi Tuwan. Siku Daktari Kibiwott, mwenyekiti wao, aliponipigia kusema nimepitishwa, niliruka nikagonga kichwa mlangoni.

"Lakini Ivy," akaongeza, "mtu akikuambia jambo, linabaki kwako. Ukilitoa nje, utafiti tunaufunga."

Nikaitikia mbio mbio. Si ni kunyamaza tu? Hiyo nayo ni kazi, bana?

Nilifika Chwele nikiwa moto. Nilitaka kujua mume akifa, shamba linabaki na nani. Watu wakaokota vikaratasi vya kura kuwapanga katika vikundi vya mazungumzo, vile nilivyoahidi kamati, ili nisionekane napendelea mtu. Mama Nekoye, mjane anayeuza kuku, akatangulia kuketi katika chumba cha kanisa nilichoazima. Akafuata Mukhwana, mwenye pikapu ya vitunguu. Alipomwona mama yule akarudi nyuma. Mama naye akajifunika leso usoni, akageukia ukuta.

"Sasa ni nini tena?" nikauliza kwa ukali.

Pauline, msaidizi wangu, akaninong'oneza, "Huyo ndiye aliyemwoa Nekoye, binti ya huyu mama. Mtu na mama mkwe wake hawaketi chumba kimoja. Kwani wewe ulilelewa wapi?"

Mjini, ndiko nilikolelewa. Kura yangu ya haki ilitaka kuwakalisha goti kwa goti. Niliona aibu, lakini furaha nayo ikanijaa, maana kamati ilikuwa imeniuliza nitalindaje heshima ya watu, na sasa ndipo nilipoelewa swali lenyewe. Nikasimamisha kila kitu, nikampigia Daktari. Akashauriana na wenzake, kisha akakubali niwatenge wakwe.

Mukhwana akaomba tuongee peke yetu.

"Baba mkwe alipokufa," akasema, "ndugu zake walitaka kumfukuza mama shambani. Mimi ni mkwe tu, sina sauti pale. Lakini nilimfuata mkubwa wao mpaka Bungoma, nikabishana naye mpaka akalegea. Mama anadhani walimwonea huruma."

Nilisisimka mwili mzima. "Wacha nimwambie."

"Usithubutu. Akijua atataka kunishukuru, na kunishukuru lazima aniangalie usoni. Mimi na yeye hatuwezi."

Nilipokuwa nikifunga mizigo, Mama Nekoye akanishika mkono.

"Mwanangu, wale shemeji zangu walibadilika ghafla. Kuna mtu aliwaongelesha. Ni nani?"

Maneno yalinijaa mdomoni. Ng'ambo ya barabara Mukhwana alikuwa akipakia vitunguu, ametugeuzia mgongo. Jina moja tu, na huyu mama angelala na amani. Nikauma mdomo. Kumbe kunyamaza ni kazi ngumu hivi.

"Mama, niliyoambiwa mle ndani siwezi kuyatoa. Hata yako sitamwambia mtu."

Akatupa jicho ng'ambo ya barabara, akaligeuza upesi. Kisha akainama kwenye tenga lake, akamtoa jogoo mwekundu, mkubwa kuliko wote, akamfunga miguu na kunikabidhi.

"Sawa, nyamaza hivyo hivyo," akasema. "Huyu mpeleke kwa Nekoye. Mwambie ampikie bwanake, na asimwambie ametoka wapi."