Kura ya Kumi na Moja

Daftari la Klabu ya Gitaa lilikuwa na majina kumi na moja, na yote yaliandikwa kwa mkono wa Mwanvua. Wenzake walimchagua kuwa karani kwa sababu mwandiko wake ulikuwa safi kama mshono wake. Alikuwa mjane wa miaka thelathini na miwili, fundi wa kushona katika mtaa wa Waswahili pale Rumonge, kando ya ziwa, na kila Jumapili alasiri alisukuma cherehani ukutani ili watu wapate pa kukaa.

Kabwe, mchuuzi wa ndagala, dagaa wa ziwani, mwenye asili ya Uvira ng'ambo ya pili, ndiye aliyewaletea gramafoni ya betri pamoja na santuri za ng'ambo. Maneno ya nyimbo zile hawakuyaelewa, wala hawakuyataka. Walichofuata ni gitaa la umeme, likilia, likikoroma, likibembeleza, mpaka mtu mzima anashika kichwa. Majina ya wapigaji yaliwashinda kutamka, wakawabatiza upya. Yule Mmarekani mweusi aliyepiga kwa shoto, ambaye habari ya kifo chake waliisikia redioni wakakaa matanga, walimwita Mkono wa Kushoto. Mwingereza mmoja wakamwita Sonara, kwa jinsi alivyozichonga sauti moja moja kama mtu anayefua dhahabu.

Klabu ikagawanyika. Mwanvua alikuwa wa Kushoto. Hyacinthe, mwalimu wa shule ya msingi huko Kizuka, aliyewasomea magazeti ya Kifaransa na kuwafasiria, alikuwa wa Sonara damudamu. Jumapili ya tarehe ishirini na tatu Aprili, mwaka 1972, walipiga kura za siri kwenye bakuli. Kushoto akapata sita, Sonara tano. Hyacinthe hakukubali. Akadai kura zirudiwe wiki ijayo, na Mwanvua, akicheka, akaandika katika daftari: *Jumapili tarehe 30: mapambano ya mwisho.*

Jumapili hiyo haikuwa na gitaa. Usiku wa kuamkia siku ile waasi wa Kihutu wenye mapanga walikuwa wamewashukia wakazi wa pwani ya ziwa, wakaua. Kisha wakaja wanajeshi, nao wakaanza kuua kwa zamu yao. Wahutu waliosoma waliitwa mmoja mmoja, mwalimu, karani, muuguzi. Aliyeitwa alipanda lori, na lori lilirudi tupu. Kabwe alivuka ziwa na gramafoni yake. Hyacinthe, naye Mhutu, alikuja kwa miguu kutoka Kizuka kupitia mashamba ya michikichi, miguu imepasuka, na Mwanvua akamficha kwa shangazi yake Batuli, nyumba ya tatu kutoka kwake, nyuma ya magunia ya makaa.

Katika hofu ile yote, daftari alilisahau kabisa.

Alilikumbuka Jumanne moja ya Mei, saa nne asubuhi, aliposikia milango ya jirani ikigongwa kwa vitako vya bunduki. Alilichomoa chini ya vitambaa. Amelishika tu mkononi, bado anawaza alitie wapi, sajini akawa ameshaingia.

"Amahoro, mama. Lete hiyo."

Akampa. Sajini alifunua kurasa polepole, midomo ikimcheza. Halafu akasoma kwa sauti: "Mkono wa Kushoto, sita. Sonara, tano. Tarehe thelathini, mapambano ya mwisho." Akainua macho. "Huyu Mkono wa Kushoto iko nani?"

"Ni mupiga gitaa, bwana."

"Anakaa wapi?"

"Alikufa."

"Nani alimuua?"

"Hakuna. Alifia Ulaya, usingizini."

Sajini alimtazama kama mtu anayetazama nyoka aliyejikunja. Alipiga teke kiti, vitambaa vikamwagika. "Watu sita chini ya Kushoto, watu tano chini ya Sonara. Na mapambano tarehe thelathini! Unaniona mutoto?" Akatoka mlangoni akaita, "Luteni!"

Luteni alikuwa kijana, mwembamba, viatu vinang'aa vumbini. Alilipokea daftari. Mwanvua alisimama akiwa ameushika ukingo wa cherehani. Luteni akasoma, akakunja uso, akatazama chumba. Macho yake yakatua juu ya kabati, penye jalada la santuri moja ya Kushoto ambayo Kabwe aliiacha. Akalichukua. Akalipangusa kwa mkono wa shati lake, taratibu.

"Hii umeitoa wapi?"

"Ya rafiki, bwana Luteni. Gramafoni haipo. Santuri ndiyo imebaki."

"Kama huyu ndiye Kushoto wenu, na wewe ni mpenzi wake kweli, unajua gitaa linavyoingia katika wimbo wa kwanza. Niimbie."

"Niimbe?"

"Lile gitaa. Kwa mdomo."

Wao klabuni waliimba magitaa kwa midomo kila mara betri zilipokufa, na mwili wake ulikumbuka. Alifumba macho akaanza, chini kwanza, kama mtu anayegugumia, kisha akapanda, akaivuta ile sauti ndefu inayoelekea kukatika na haikatiki. Alipofumbua macho aliona vidole vya mkono wa kushoto wa Luteni vikitembea juu ya mkanda wake, vikibonyeza nyuzi zisizokuwepo.

"Nilimsikia nilipokuwa masomoni Ubelgiji," akasema Luteni. Akacheka kidogo. "Sajini, hawa si waasi. Ni wendawazimu wa gitaa, kama mimi." Akamgeukia Mwanvua. "Na Sonara bila shaka ni yule Mwingereza. Basi mmekosea, mama. Sonara ndiye mkubwa. Kushoto alikuwa moto. Sonara ni mikono."

"Moto ndio unaopika, bwana," Mwanvua alijibu kabla hajajizuia, na Luteni akacheka tena, na kwa pumzi moja tu ilikuwa kama Jumapili.

Ndipo akageuza ukurasa wa majina.

Kicheko kilimtoka usoni. Kidole chake kikasimama. "Hyacinthe, mwalimu, Kizuka. Huyu tunamtafuta. Yuko wapi?"

Nje, askari mmoja alikuwa ameegemea ukuta akimenya muwa. Nyumba ya shangazi Batuli ilikuwa hatua arobaini kutoka pale.

"Sijui, bwana. Aliacha kuja tangu Januari. Tuligombana."

"Tangu Januari?"

"Ndiyo, bwana. Jina sikulifuta kwa heshima tu."

Luteni alirudi nyuma ukurasa mmoja. Alihesabu kwa kidole, bila haraka. "Majina kumi na moja. Yeye hayupo, wamebaki kumi. Kura za Aprili ni sita na tano." Sauti yake ilikuwa bado ya upole, na huo upole ndio uliomtisha Mwanvua kuliko bunduki ya sajini. "Sita na tano ni ngapi, mama?"

"Kumi na moja."

"Kura ya kumi na moja aliipiga nani?"

Angeweza kusema mgeni alipita. Angeulizwa mgeni gani. Angeweza kusema alikosea hesabu. Mwandiko ule haukuwa wa mtu anayekosea. Akainamisha kichwa, na aibu iliyompanda usoni ilikuwa ya kweli, ingawa sababu yake ilikuwa nyingine.

"Mimi," akasema. "Nilitia karatasi mbili bakulini."

"Nini?"

"Kushoto alikuwa anaelekea kutoka sare. Sikuweza kuvumilia, bwana Luteni. Niliiba kura. Wenzangu hawajui mpaka leo."

Luteni alimkodolea macho. Sajini alikohoa. Halafu Luteni akapiga daftari pajani kwa hasira ya kweli, hasira ya shabiki aliyedhulumiwa. "Basi walitoka tano kwa tano! Mnaona? Nilijua! Sonara hawezi kushindwa na Kushoto kwa haki!"

"Nisamehe, bwana."

"Mwizi wewe," akasema, karibu kwa furaha. Alikwapua ile santuri, akaitia kwapani pamoja na daftari. Sajini akauliza kuhusu nyumba zilizobaki za mtaa. Luteni alitazama jua, akatazama jalada. "Kambini kuna gramafoni. Nyumba hizo kesho asubuhi."

Gari lilipopotea, Mwanvua aliokota vitambaa vilivyomwagika. Kisha akanawa uso, akakaa kwenye cherehani. Kulikuwa na kanzu ya mteja iliyobakia pindo. Aliipunguza mabega, akaipeleka kwa shangazi Batuli ndani ya kikapu, chini ya mihogo.

Hyacinthe alisikiliza kisa chote akiwa amekaa gizani nyuma ya magunia, makaa yamempaka mashavu. Mwanvua alipomaliza, mwalimu alinong'ona, "Kwa hiyo umeifuta kura yangu."

"Mwalimu! Nimekuokoa shingo!"

"Najua, dada Mwanvua. Murakoze." Akaanza kuivaa kanzu. "Lakini sisi wa Sonara tulikuwa watano pamoja na mimi."

Alasiri ile Hyacinthe alitoka katikati ya wanaume waliokuwa wakienda kuswali, kofia kichwani, tasbihi mkononi, mzee Athumani, jirani wa Batuli, akimshika kiwiko na kumzungumzisha habari za samaki. Mzee alikuwa amekubali bila kuuliza swali hata moja. Walipita mbele ya askari wawili. Mmoja aliitikia salamu. Kabla jua halijazama, mtumbwi wa wavuvi ulikuwa umemchukua kuelekea Baraka, upande wa Kongo, na baada ya mwezi habari ikaja kwamba alifika salama.

Lakini daftari halikurudi. Wiki iliyofuata lori lilimchukua Roger, karani wa ghala la mawese, ambaye jina lake lilikuwa la nane katika daftari. Huenda walilitoa katika orodha nyingine. Orodha zilikuwa nyingi siku zile. Mwanvua hakupata kujua, na kutojua kulimkosesha usingizi.

Mwezi wa saba alikwenda kwa Domitille, mke wa Roger. Alimkuta chini mkekani akichambua chikichi. Akamweleza yote, tangu bakuli la kura mpaka Luteni. Hakuficha kwamba jina la Roger aliliandika yeye, na kwamba siku ile alipata nafasi ya kuokoa jina moja tu, akachagua la Hyacinthe.

Vidole vya Domitille viliendelea kutenga chikichi nzuri na mbovu. Mwisho akasogea kidogo, akampa nafasi mkekani.

"Keti," akasema. "Hizi ni nyingi. Siwezi kuzimaliza peke yangu."

Mwanvua akavua viatu, akaketi.